Konseto ya Ogani ya Kiingereza: Muziki Ulioandikwa Nusu

Katika konseto ya pili ya mkusanyo wa George Frideric Handel uitwao Opasi 7, okestra inamaliza sehemu ya pili, kisha noti zinakoma. Yamebaki maneno machache yanayomwelekeza mpiga ogani apige apendavyo, na baada ya hapo inaanza sehemu ya mwisho. Mkusanyo huo ulichapishwa London mwaka 1761, miaka miwili baada ya mtunzi kufariki, kwa hiyo aliyeununua hakuwa na wa kumwuliza. Alitoa fedha zake, akakipeleka kitabu nyumbani au kanisani, akakifungua na kukuta pengo, na pengo hilo alitakiwa alijaze mwenyewe.

Si uzembe wa mchapaji. Maelekezo ya namna hiyo yanajirudia katika konseto nyingi kati ya sita zilizomo. Nami naona hapo ndipo pa kuanzia kwa anayetaka kuelewa jambo ambalo wanahistoria wa muziki wamelijadili kwa haraka mno: kwa nini Uingereza ya karne ya 18 ilizipenda konseto za kinanda za mtindo wa Baroki kiasi kile, ikazichapisha, ikazipiga, na ikaendelea kuzitunga hata pale Ulaya bara ilipokwisha kugeukia mtindo mwingine? Jibu lililozoeleka ni kwamba Waingereza walimganda Handel, na watunzi waliomfuata hawakuwa na jipya. Jibu hilo lina chembe ya ukweli, lakini limetokana na kusoma karatasi tu. Konseto hii ilikuwa muziki wa mkono wa mtu aliyeketi kwenye kinanda fulani, mbele ya watu waliolipa kiingilio, na kilichoandikwa kilikuwa nusu yake. Ukiipima kwa karatasi utaiona nyembamba. Ukiirudisha mahali ilipopigwa, wembamba ule unageuka kuwa nafasi aliyoachiwa mpigaji kwa makusudi.

Huku kwetu Afrika Mashariki wengi tunamjua Handel kwa ile "Haleluya" ambayo kwaya zetu huiimba, na wapo wanaodhani alikuwa mtu wa kanisa. Hasha. Alikuwa mtu wa jukwaa. Alizaliwa Halle, Ujerumani, mwaka 1685, akafika London mara ya kwanza mwaka 1710 kwa ajili ya opera za Kiitaliano, akapata uraia mwaka 1727, na maisha yake yote ya utu uzima aliyatumia kujaza viti vya ukumbi, au kuvitazama vikiwa vitupu. Mwaka 1734 mambo yalimwendea kombo. Kundi pinzani la opera, lililofadhiliwa na makabaila, lilikuwa limemleta Farinelli, mwimbaji aliyekuwa gumzo la Ulaya nzima. Handel alihamia Covent Garden, ukumbi wa John Rich uliofunguliwa mwaka 1732. Dhidi ya sauti kama ya Farinelli ilibidi atafute kivutio ambacho wapinzani wake wasingeweza kukinunua kwa fedha yoyote. Alichokuwa nacho ni vidole vyake.

Nafasi ya kuvitumia ilitokana na sababu iliyo mbali kabisa na muziki. Mwaka 1732 Edmund Gibson, Askofu wa London, alikataza hadithi ya Biblia ya Esta isiigizwe jukwaani. Handel akaiwasilisha kama oratorio, yaani waimbaji wamesimama wakiimba, bila maigizo wala kubadili mandhari. Fikiria hali ya mtazamaji wa oratorio za Kwaresima aliyezoea opera yenye mavazi ya fahari na mitambo ya jukwaani: anakaa saa tatu hivi bila kitu cha kumshughulisha macho. Vipindi vya mapumziko vilihitaji kitu. Machi 1735 Esta iliporudishwa, Handel aliketi kwenye ogani akapiga konseto mpya katikati ya oratorio, na magazeti ya London yakaitangaza habari hiyo. Mary Pendarves, rafiki yake wa siku nyingi, alimwandikia mamake kwamba hajapata kusikia kitu kizuri zaidi maishani.

Kwa hiyo konseto ya ogani ya Kiingereza ilizaliwa ukumbini, tena katika muda ambao watu kwa kawaida huinuka kwenda kunyoosha miguu. Jambo hili limeacha alama kila mahali katika tungo zenyewe. Ni fupi. Huanza kwa namna ya kuvuta masikio: okestra nzima inatamka kitu cha wazi, chenye mahadhi ya kukumbukika, hata anayezungumza na jirani ageuke. Tena hazikuwa vipande vilivyopachikwa ovyo. Ile ya F meja iliyopigwa Aprili 1735 pamoja na oratorio ya Athalia ilimalizikia katika kwaya ya Haleluya, ogani ikiwapokeza waimbaji moja kwa moja. Nyingine, iliyopigwa Februari 1736 katika utungo wa kuimbwa uitwao Alexander's Feast, haikuwa ya ogani kabisa. Ilikuwa ya kinubi, na mpigaji alikuwa William Powell, kwa sababu hadithi yenyewe inamhusu mwanamuziki wa kale mwenye ala ya nyuzi. Walsh, mchapishaji wa Handel, alipotoa mkusanyo wa kwanza mwaka 1738, Opasi 4, konseto hiyo ya kinubi iliingizwa humo kama ya sita, sasa ikiwa ya kinanda. Katika mkusanyo huohuo, ya tano ilikuwa sonata ya filimbi iliyoongezewa okestra. Handel alichota alikotaka, mradi usiku wa onyesho usimkute mikono mitupu.

Ogani yenyewe yahitaji kuelezwa kwa kirefu, maana bila kuielewa mtu atailaumu konseto hii kwa makosa yasiyo yake. Mwaka 1644, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe, Bunge la Uingereza liliamuru ogani zing'olewe makanisani. Nyingi zikavunjwa. Ufalme uliporejea mwaka 1660, mafundi walianza karibu upya, na ogani walizojenga kwa zaidi ya karne moja zilikuwa tofauti na za Ujerumani ya kaskazini. Za Ujerumani zilikuwa na safu ya vibao vya miguu iliyobeba besi nzima, na Johann Sebastian Bach aliandika akijua kuwa miguu yake ni mkono wa tatu. Ogani za Kiingereza kwa kawaida hazikuwa na vibao hivyo. Zilikuwa na sauti laini, angavu, isiyotetemesha kuta. Ogani ya Handel ukumbini ilitakiwa iwe jirani ya waimbaji na wapiga vayolini, wala si mnara wa kutisha mwishoni mwa kanisa.

Ndiyo maana mkono wa kushoto wa mpiga ogani katika konseto hizi mara nyingi unafuata besi sahili, nao wa kulia unapamba. Mwenye kuzoea Bach akiyaona maandishi hayo huuliza: yako wapi mengine? Mengine hayakuwepo kwa kuwa kinanda hakikuwa na mahali pa kuyaweka, na kwa kuwa mapambo aliyaleta mpigaji. Konseto moja tu ya Handel, ya kwanza katika Opasi 7, iliyopigwa Februari 1740, inadai vibao vya miguu.

Halafu kuna suala la urekebishaji wa sauti. Ogani za Kiingereza zilirekebishwa kwa utaratibu wa zamani uliozifanya funguo chache zisikike tamu sana na nyingine zisikike kama mlio wa paka. Piano ya leo imegawanya kasoro hiyo sawasawa, kila ufunguo ukapata kidogo. Wakati ule kasoro yote ilirundikwa kwenye funguo ambazo mtu aliziepuka. Tazama sasa konseto 12 za Opasi 4 na Opasi 7. Tano ziko katika B-flati meja. Tatu ziko katika G maina. Mbili katika F meja, moja katika D maina, moja katika A meja. Zote zimekaa katika uwanja ambao ogani iliimba vizuri. Mtu anayesikiliza zote mfululizo kwenye piano ya kisasa anaweza kulalamika kwamba rangi haibadiliki. Kwenye ogani iliyorekebishwa kwa namna ya zamani, G maina na B-flati meja ni vyumba viwili tofauti kabisa vya nyumba moja.

Nikitakiwa nichague konseto moja ya kumshawishi msikilizaji mgumu, nitachagua ya nne katika Opasi 7, ile ya D maina. Inaanza chini kabisa, selo na fagoti zikisogea polepole, sauti nzito zimebanana pamoja, na kwa muda hujui konseto hii inaelekea wapi wala solo itatoka wapi. Kisha ogani inaingia, nayo inaanza palepale penye giza, bila kujitangaza. Hakuna maonyesho ya vidole. Kwa mtu aliyekuwa akipigania tiketi, kuanza namna hii ni ujasiri mkubwa, maana ukumbi uliojaa soga ungeweza kuizika sauti ile. Baada yake inakuja sehemu ya haraka katika D meja, mwanga mtupu, ambayo wazo lake Handel alilichukua kwa mtunzi mwenzake Telemann, katika mkusanyo wa muziki wa mezani wa mwaka 1733 ambao yeye mwenyewe alijiandikisha kuununua. Watu wa leo wanaweza kuita wizi. Mimi naona kazi ya mtu aliyejua kwamba wazo la mwenzake, likihamishwa kutoka okestra ya mezani hadi kwenye mazungumzo ya ogani na nyuzi, linapata maisha mapya. Na baada ya mwanga huo? Pengo. Mpigaji apige apendavyo, kisha sehemu ya mwisho.

Mfano wa pili ni mwepesi zaidi, na London iliupenda kupita kiasi: konseto ya F meja iliyopigwa Aprili 4, 1739 pamoja na oratorio ya Israel in Egypt, ambayo watu waliibatiza jina la kekeo na nightingale, ndege wawili wa Ulaya. Kekeo anaimba noti mbili tu, ya juu kisha ya chini, na Handel anazidonoa kwenye ogani mara kwa mara. Ndege wa pili ana mlio wa kutetema. Muziki wa kuiga ndege ni rahisi kuuharibu. Hapa unanusurika kwa sababu noti za kekeo zimefumwa ndani ya hoja yenyewe: ukiwaondoa ndege, muundo bado unasimama. Handel alilithibitisha hilo kwa vitendo, kwa kuwa muziki huohuo aliutumia tena, bila ogani na milio ya ndege ikiwa imefifishwa, katika konseto ya tisa ya Opasi 6 yake ya nyuzi.

Sasa turudi kwenye pengo. Konseto ya Baroki, kwa ufupi, ni mazungumzo kati ya kiitikio na mtu mmoja. Okestra inaleta kiitikio, mpiga solo anatoka na ya kwake, kiitikio kinarudi katika ufunguo mwingine, anatoka tena, mpaka kiitikio kinaporudi nyumbani. Muundo huo una sifa moja ambayo mitindo iliyofuata iliipoteza: hata usipoandika chochote kwa ajili ya solo, jengo linabaki limesimama, mradi kiitikio kipo na watu wanajua lini kirudi. Mpenzi wa taarabu hatashangaa, maana ndivyo mpiga kanuni anavyoachiwa taksimu yake, wenzake wakitulia na kumsikilizia hadi atakapowarudisha.

Handel alilitegemea jambo hili zaidi macho yake yalipoanza kuharibika. Konseto ya tatu ya Opasi 7 aliiandika kati ya Januari 1 na Januari 4, 1751. Mwezi uliofuata, akiwa katikati ya kutunga oratorio ya Jephtha, aliandika pembeni mwa karatasi kwamba amelazimika kuacha kwa sababu ya jicho lake la kushoto. Miaka miwili baadaye alikuwa kipofu kabisa. Hakuacha kupiga. Mwanahistoria Charles Burney, aliyemfahamu, anaeleza kwamba mwanzoni alizipiga konseto zake za zamani kwa kumbukumbu, kisha akaona afadhali ategemee ubunifu. Wapiga okestra walipewa viitikio tu. Yeye alijaza yote ya katikati papo hapo, na wao walisubiri ishara: noti iliyotetemeshwa kwa muda, ambayo ilimaanisha nimemaliza, ingieni. Mtu wa miaka sitini na kitu, haoni, ameongozwa kwa mkono hadi kwenye ogani mbele ya umati, na anachokwenda kukipiga hakijaandikwa popote.

Nimesema mapema kwamba jibu la uhafidhina linasoma karatasi tu. Ushahidi wangu mkubwa ni huu. Muziki ambao mtunzi wake mwenyewe aliupiga kwa miaka kadhaa pasipo maandishi ya solo hauwezi kuhukumiwa kwa maandishi yake ya solo.

Lakini ndipo biashara inapoingia. Walsh hakuweza kuuza vidole vya Handel. Aliweza kuuza karatasi, na aliijua hadhira yake. Mikusanyo ya namna hii ilitangazwa kuwa ya hapsikodi au ogani, na karatasi ya mpiga kinanda ilipangwa kwa akili: pale okestra inapopiga peke yake, viitikio viliandikwa kwa muhtasari ili mpigaji aweze kuvipiga mwenyewe. Maana yake, binti aliyekuwa na hapsikodi sebuleni, kinanda ambacho ukibonyeza kibao kijiti chenye ncha ya unyoya huinuka na kuudonoa uzi, aliweza kupiga konseto nzima bila mtu mwingine yeyote. Akipata vayolini mbili na selo, vizuri zaidi. Wapiga vinanda wa nyumbani wengi walikuwa wanawake, na soko hili lilikuwa lao kwa kiasi kikubwa. Burney anasema wapiga vinanda, wa hadharani na wa faraghani, waliishi kwa konseto hizi kwa karibu miaka 30. Handel naye aliona thamani yake: Opasi 4 ilitoka na tamko lake kwamba nakala aliisahihisha mwenyewe na haki amempa Walsh peke yake.

Soko likishakuwepo, watunzi hujitokeza. William Felton, mchungaji wa Kanisa Kuu la Hereford, alianza kuchapisha konseto zake mwaka 1744 na hakuacha hadi zikawa zaidi ya 30. Burney ana kisa kwamba Felton alitaka jina la Handel liwemo kwenye orodha ya waliojiandikisha kununua, na Handel akahamaki, akauliza kwa nini mchungaji atunge konseto badala ya mahubiri. Kisa kinachekesha, lakini kinaficha jambo la haki: Felton aliuza. Vidole vya wastani viliweza kumpiga, na gavoti yake moja ilipendwa nchi nzima. Nimezisikiliza konseto zake kwa muda mrefu, na hukumu yangu ni kwamba viitikio vyake ni vizuri kuliko solo zake. Solo zinazunguka kwenye ngazi zilezile za noti, zikipanda na kushuka bila kwenda mahali. Inawezekana kabisa kwamba Felton mwenyewe alizipiga kwa mapambo ambayo hakuyaandika. Karatasi inatuachia mifupa.

Thomas Chilcot wa Bath ni habari nyingine. Alikuwa mpiga ogani wa Abasia ya Bath tangu mwaka 1728 hadi kifo chake mwaka 1766, katika mji ambao matajiri walikwenda kuoga maji ya moto na kutafutana wachumba. Konseto zake sita za mwaka 1756 zina kiburi kizuri. Ndani yake unamsikia Domenico Scarlatti, yule Mwitaliano wa Hispania ambaye sonata zake zilikuwa zimewashika Waingereza tangu Thomas Roseingrave alipozichapisha London mwaka 1739. Charles Avison wa Newcastle alikuwa amezipanga sonata hizo kuwa konseto 12 za nyuzi mwaka 1744. Chilcot alizirudisha roho zake kwenye kinanda: kuruka ghafla, kugongana kwa sauti kunakouma kidogo, utani wa mahadhi. Anayesema Waingereza walimwiga Handel tu hajamsikia Chilcot.

Na yuko John Stanley. Alizaliwa London mwaka 1712, akapofuka akiwa na umri wa miaka miwili baada ya kuanguka. Alipokuwa na miaka 11 alikuwa tayari ameajiriwa kupiga ogani kanisani. Mwaka 1734 alipewa nafasi Temple Church, na wapiga ogani wa jiji walikuwa wakienda huko kumsikiliza, Handel mwenyewe akiwa mmoja wao. Muziki mgeni aliupigiwa na shemeji yake, naye akaushika. Mtu wa namna hii hakuwa na sababu ya kuitegemea karatasi, lakini ajabu ni kwamba konseto zake zilizoandikwa ndizo zilizokamilika kuliko zote za Kiingereza baada ya Handel. Sita alizitoa mwaka 1742 kwa ajili ya nyuzi, zikiwa na toleo la kinanda pia. Sita nyingine, Opasi 10, zilitoka mwaka 1775, na ya nne kati yake, ya C maina, ina uzito na adabu ya fyuga ambayo Handel angeitambua mara moja.

Mwaka 1775! Hapa ndipo swali letu linapokaza. Johann Christian Bach, mtoto mdogo wa Johann Sebastian, alikuwa amefika London tangu 1762. Mwaka 1763 alichapisha konseto za kinanda alizomtunukia Malkia Charlotte, na hazikuwa na kiitikio kizito wala besi inayotembea. Melodi ilitawala juu, chini kukawa na mkono wa kushoto mwepesi, sentensi fupi zenye pumzi zilizopimwa. Mwaka 1768 alipiga solo hadharani kwenye piano. Maonyesho aliyoyaendesha na Carl Friedrich Abel tangu 1765 yalikuwa pahali pa fasheni. Mtindo mpya ulikuwa mtaa wa pili. Stanley aliusikia. Kwa nini basi, na wengine pamoja naye, waliendelea?

Kuna wanaotaja ibada ya Handel. Ni kweli ilikuwepo. Sanamu yake iliwekwa katika bustani za Vauxhall mwaka 1738 akiwa hai, jambo lisilo la kawaida kwa mtunzi. Mwaka 1776 ilianzishwa jumuiya ya maonyesho ya muziki wa kale, yenye sharti kwamba usipigwe muziki wenye umri chini ya miaka 20. Mwaka 1784 wapigaji na waimbaji zaidi ya 500 walikusanyika Westminster Abbey kumkumbuka, na Mfalme George III alikuwa mpenzi wake mkubwa. Lakini angalia tarehe. Felton alianza 1744. Chilcot alichapisha 1756. Opasi 10 ya Stanley ilitangulia jumuiya ile kwa mwaka mmoja. Mbali na sanamu ile, ibada ilikuja kuukuta muziki huu umekwisha kuota mizizi, kwa hiyo haiwezi kuwa ndiyo iliyoupanda.

Mimi naweka mbele sababu mbili nyingine. Ya kwanza ni kwamba nafasi yenyewe haikufa na Handel. Aprili 1759 alipofariki, John Christopher Smith na Stanley walichukua maonyesho ya oratorio ya Kwaresima, na katikati ya oratorio Stanley aliketi kwenye ogani akapiga konseto, kama ilivyokuwa tangu 1735. Watu walikuja wakiitarajia. Bustani za Vauxhall, ambako mtu aliingia kwa shilingi moja, zilikuwa na ogani tangu 1737, na James Hook aliyeajiriwa huko mwaka 1774 alipiga konseto jioni baada ya jioni hadi mwaka 1820. Muziki huishi kadiri mahali pake panavyoishi.

Sababu ya pili ni kinanda chenyewe. Mtindo wa Johann Christian Bach unahitaji noti inayofifia na noti inayokolea ndani ya sentensi moja, na piano hufanya hivyo kwa uzito wa kidole. Ogani haijali uzito wa kidole. Bomba likipata hewa linalia, basi. Mafundi wa Kiingereza walijaribu: Abraham Jordan aliweka mwaka 1712 kasha lenye mlango wa kufungua na kufunga sauti, na Burkat Shudi akapata hataza ya kitu kama hicho kwa hapsikodi mwaka 1769. Hata hivyo nguvu ya ogani imebaki katika kupishana: wengi na mmoja, sauti nzito na sauti nyembamba, okestra na kinanda. Kupishana huko ndiko moyo wa konseto ya Baroki. Stanley na wenzake walipotunga kwa mtindo huo mwaka 1775, walikuwa wakiitii ala waliyokaa nayo. Philip Hayes wa Oxford, aliyechapisha konseto sita mwaka 1769 na kutaja ogani, hapsikodi na piano pamoja kwenye jalada, anaonyesha mpaka ulivyokuwa ukihama. Ukizipiga kwenye piano zinaelekea upande mmoja, kwenye ogani zinaelekea mwingine.

Thomas Arne, aliyefariki 1778, aliacha konseto sita zilizochapishwa baadaye, na kwangu hizi ndizo zinazovutia zaidi kati ya zile za mpito. Arne alikuwa mtu wa nyimbo za tamthilia, na sikio lake la melodi halikumwacha. Mitindo yote miwili imo, wakati mwingine katika konseto moja, bila kuombana radhi.

Linabaki suala la leo. Opasi 4 na Opasi 7 zimerekodiwa mara nyingi, na kila mpigaji hukutana na pengo lilelile la mwaka 1761. Wako wanaochukua kipande kutoka sonata au suti nyingine ya Handel na kukiweka hapo. Ni njia salama, na noti zote zinakuwa za Handel. Wako wanaobuni wenyewe, kila usiku tofauti. Wako pia wanaopiga kodi mbili tatu za kuvukia na kuendelea, na hawa siwezi kuwatetea. Chukua ya sita ya Opasi 7, ya B-flati meja: sehemu ya kwanza ya fahari, agizo la kupiga apendavyo, kisha wimbo mfupi wa kumalizia. Ukiondoa kilicho katikati, ogani haina la kusema, na kinachobaki ni utangulizi na kuaga. Mpigaji anayekwenda pale na kubuni dakika nne au tano, hata akikosea njia katikati na kurudi, anatupa konseto ambayo ukumbi wa Covent Garden ulilipia. Ningependa vyuo vinavyofundisha ogani viudai ustadi huo katika mtihani wa konseto hizi, viitikio vikiwa mikononi mwa okestra na karatasi ya mpigaji ikiwa tupu.